Manufaa ya Uganga Mdogo

Binadamu ana desturi ya kupima kitu kwa kishindo chake. Radi ikipasua mti, watu wote hutoka nje kutazama. Mshumaa ukiwashwa chumbani, hakuna anayegeuza kichwa. Hata hivyo, sindano ikianguka sakafuni usiku, radi haina msaada, na mshumaa ndio unaoombwa. Katika insha hii nakusudia kuhakiki jambo dogo la namna hiyo. Jambo lenyewe limo katika mchezo, wala si katika kazi za kila siku. Lakini michezo nayo ina mafunzo yake, na mara nyingi mtu huonyesha tabia yake achezapo kuliko ahubiripo.

Mchezo ninaotaka kuusema huitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na tangu hapo umezaa michezo mingi ya jamii yake. Huenda wewe, msomaji, hujapata kuucheza. Kwa hiyo ni wajibu wangu kukueleza ulivyo kabla ya kukutaka uhukumu pamoja nami. Watu wachache huketi mezani. Mmoja wao huwa msimulizi: yeye huijua nchi ya kubuni ambamo kisa kitapita, huwaeleza wenzake wanayoyaona na kuyasikia, na huwa mwamuzi wa kila jambo. Wale wengine, kila mmoja huchukua nafsi ya mtu mmoja wa kisa: huyu askari, yule mwizi, mwingine msomi wa maajabu. Msimulizi husema, "Mmefika mlangoni pa ngome, na walinzi wawili wameketi kando ya moto. Mtafanya nini?" Kila mchezaji hujibu kwa niaba ya mtu wake. Jambo likiwa la mashaka, kama kuruka handaki au kumpiga adui, dadu hutupwa, na hesabu yake pamoja na kanuni za kitabu huamua. Basi mchezo huu ni nusu hadithi na nusu hesabu, na ubishi wote nitakaoueleza umetoka katika nusu hizo mbili.

Miongoni mwa watu wa kisa yumo druidi. Jina hilo ni la kale: madruidi walikuwa makuhani wa Waselti katika nchi ambazo leo ni Ufaransa na Uingereza, na Julius Caesar aliandika habari zao. Katika mchezo, druidi ni mlezi wa misitu na wanyama, naye hupata nguvu zake kutokana na maumbile. Nguvu hizo nitaziita uganga, wala sitaziita uchawi, kwa kuwa lugha yetu imetenga vizuri kati ya anayetibu na anayedhuru. Wala asidhani mtu kwamba wachezaji huamini kuwa kitu kimewaka mezani. Hakuna kiwakacho ila fikira. Msimulizi husema mshumaa umezimika, na wote hukubali kwamba umezimika, kama wewe ukubalivyo usomapo ngano kwamba sungura amesema.

Uganga huo una madaraja. Ule mkubwa hutumika mara chache: mtu akiutumia hana budi kupumzika usiku kucha ndipo aupate tena. Ule wa daraja la chini kabisa hauna hesabu. Mwenye kuujua aweza kuutumia mchana kutwa bila ya kuishiwa. Katika kitabu cha wachezaji kilichotolewa mwaka 2014 umo uganga mmoja wa daraja hilo la chini uitwao Druidcraft. Huo ndio niliouleta mbele yako. Hufanya mambo manne, wala hakuna hata moja litakalomfanya shujaa atetemeke. La kwanza, huonyesha hali ya hewa itakavyokuwa mahali ulipo kwa saa 24 zijazo, kwa ishara ndogo iwezayo kuwa duara la dhahabu likiwa jua, wingu dogo ikiwa mvua, au chembe za theluji ikiwa theluji. La pili, hulichanua ua, hulifungua ganda la mbegu, au hulikunjua chipukizi la jani. La tatu, huleta kwa nukta moja kitu cha kuonekana, kusikika au kunuswa kisichodhuru: majani yaangukayo, pumzi ya upepo, sauti ya mnyama mdogo, harufu hafifu ya mnyama anukaye mfano wa kicheche. La nne, huwasha au huzima mshumaa, mwenge, au moto mdogo wa kambini. Yote hayo hayapiti umbali wa futi 30, nayo yanataka maneno ya kutamkwa na ishara ya mkono.

Sasa na tuwasikilize washtaki, kwa maana hukumu ya upande mmoja si hukumu. Wao husema hivi: druidi anapoanza safari hupewa nafasi 2 tu za uganga usio na hesabu. Akichagua huu, amebakiwa na nafasi moja. Na tazama alivyoviacha! Ameacha uganga wa kutupa mwali wa moto, unaomwumiza adui kwa kadiri ya dadu moja yenye pande 8. Ameacha mjeledi wa miiba, unaoumiza kwa dadu yenye pande 6 na kumvuta adui futi 10. Ameacha hata ule wa kumwongoza mwenziwe, unaomwongezea dadu yenye pande 4 katika jambo analolijaribu. Mambo hayo yanahesabika. Lakini ua likichanua, lahesabika kwa dadu gani? Adui akija na panga, utampa ua? Washtaki huongeza kumtaja msomi wa maajabu ambaye, akifika daraja la 5, hutupa tufe la moto liumizalo kwa dadu 8 zenye pande 6, na wote waliosimama ndani ya duara lake hupatwa. Kando ya tufe hilo, mshumaa wetu waonekana kichekesho.

Mashtaka haya si ya kipumbavu. Mchezaji aliyepoteza nafasi moja katika mbili amepoteza nusu ya mali yake, naye ana haki ya kuuliza amenunua nini. Hivyo sitawajibu washtaki kwa methali ya haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo ni ya kweli mahali pengine, lakini hapa haifai, kwa sababu uganga mdogo haukusanyiki. Mishumaa elfu ikizimwa mmoja mmoja haiwi radi. Anayeutetea uganga huu kwa kusema kwamba mwishowe utakuwa mkubwa, anautetea kwa jambo usilokuwa nalo. Yatupasa tuutetee kwa udogo wake wenyewe, au tuuache.

Tuanze na moto, maana ndio ulio wazi zaidi. Turudi kwa walinzi wawili mlangoni pa ngome. Usiku ni wa giza, na nuru yao yote ni ule moto mdogo walioketi kando yake. Mwenye tufe la moto aweza kuwaua wote wawili; lakini ngome nzima itaamka, na safari iliyokuwa ya siri itakuwa vita. Druidi aliyejificha kichakani, umbali wa futi 25, ananong'ona, na moto unazimika. Mlinzi mmoja analaani upepo. Mwingine anainama kutafuta kiberiti au jiwe la kuwashia. Katika muda huo mfupi wenzake druidi wameupita mlango. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyepiga kelele, na asubuhi yake walinzi watasema ulikuwa upepo tu. Angalia kwamba nguvu iliyotumika hapa haikuwa kubwa. Kubwa ilikuwa fahamu ya mchezaji: alitambua kwamba walinzi hawaoni gizani, kwamba nuru ilikuwa moja, na kwamba moto kuzimika usiku si ajabu. Laiti ingalikuwako mienge sita, uganga huu ungezima mmoja, na mitano ingebaki ikimwangaza mwenye kuuzima.

Maua nayo yana siku yake. Fikiri wasafiri wameingia katika kijiji kilichoteketezwa na watu wenye silaha, nao wenyewe wana silaha. Wazee wa kijiji wamefunga milango. Mtu gani ataaminika? Askari akisema, "Hatuna ubaya," amesema aliyoyasema kila adui aliyetangulia. Druidi anachutama mbele ya mtoto, na tumba la ua lililokuwa limefumba linafunguka. Hajathibitisha kwamba yeye ni mwema; mtu mbaya pia aweza kuchanua ua. Lakini ameonyesha yeye ni nani na anatumikia nini, bila ya kumtisha mtu. Tufe la moto nalo ni utambulisho, ila ni utambulisho unaofunga milango iliyobaki wazi.

Sauti na harufu zataka tahadhari. Wachezaji wapya hupenda kuzikuza kupita kipimo chake. Hutaka ngurumo ya simba wakati kitabu kimetaja mnyama mdogo, na hutaka kelele ya kudumu wakati kitabu kimesema nukta moja. Kanuni yataka kitu chenyewe kienee katika mchemraba wenye upande wa futi 5. Basi panya alie nyuma ya pipa, haya. Jeshi lipige mbio nyuma ya kilima, la. Na hata panya huyo, je, mlinzi atageuka kumtazama? Kitabu hakisemi. Kimemwachia msimulizi.

Hapa ndipo ninapokilaumu kitabu, kwa maana mhakiki asiyelaumu ni mpambe. Tufe la moto limeandikwa kwa uangalifu wa mwenye duka: umbali, upana, hesabu ya dadu. Msimulizi mvivu na msimulizi hodari watalihukumu tufe hilo sawasawa. Lakini uganga mdogo umeandikwa kwa maneno machache, na nguvu yake yote imetundikwa kwenye akili ya msimulizi. Aliye mkarimu huufanya kuwa mali. Aliye mzito huufanya kuwa takataka. Na mchezaji hawezi kujua amepata yupi mpaka nafasi yake imekwisha tumika. Jambo hili si la haki. Nami nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimewahi kuwa msimulizi wa namna hiyo ya pili.

Kundi letu lilikuwa dogo, na mchezaji mmoja, binti mkimya, alichagua huo uganga wa Druidcraft. Safari ilipoanza, kila asubuhi aliuliza hali ya hewa ya siku ile. Mimi nilikuwa nimeandaa ngome, hazina na maadui; hali ya hewa sikuwa nimeifikiri kamwe. Nikamjibu, "Duara la dhahabu, jua litawaka." Siku ya pili nikajibu vivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Siku ya tano hakuuliza. Wala hakuuliza tena mpaka safari ile ilipokwisha. Hakulalamika, ila alikuwa amejifunza kwamba kitu alichokichagua hakina mahali katika nchi yangu, na kwamba kumwuliza msimulizi ni kumsumbua. Niliporudi nyumbani niliona aibu. Sikumnyang'anya kitu hata kimoja, lakini nilimfanya anyamaze.

Safari ya pili nilitupa dadu kabla ya kuja, nikaandika hali ya hewa ya siku 10: jua, jua, ukungu, theluji, na kuendelea. Watu wa kisa walipofika chini ya mlima, nilimwomba binti yule aulize. Akauliza kwa sauti ndogo. Nikasema, "Chembe za theluji zinashuka juu ya kiganja chako." Meza yote ilinyamaza, kisha ubishi ukaanza. Je, wapande mlima leo wakiwa wamechoka, kabla theluji haijafunga njia? Au wangoje, na adui aliyetangulia aufikie mji na ghala zake? Walibishana muda mrefu kuliko vita vyovyote tulivyopigana. Mwishowe walingoja, na walipofika mjini ghala zilikuwa majivu. Uganga mdogo haukuwaokoa. Uliwapa kitu kingine: uliwaonyesha njia panda mapema, wakachagua wenyewe, na majuto yalipokuja yalikuwa yao. Binti yule ndiye aliyesema zaidi kuliko wote siku ile.

Katika tukio hilo nilijifunza tofauti ambayo naona ndiyo kipimo chema cha uganga wowote katika michezo hii. Uko uganga unaoondoa taabu, na uko unaofungua njia ndani ya taabu. Nitakupa mfano wa ule wa kwanza ili uone kwamba udogo peke yake si sifa. Druidi huyo huyo aweza kuwa na uganga wa daraja la 1, uitwao Goodberry, ambao huleta matunda madogo 10. Kila tunda humrudishia mtu nukta 1 ya uhai, na hutosha kuwa chakula chake cha siku nzima. Uganga huu husifiwa sana, nao kwa hakika una faida. Lakini tazama unavyofanya katika hadithi: siku ulipopatikana, njaa imekufa. Jangwa lisilo na chakula limekuwa uwanja wa kutembea tu. Wawindaji hawana la kuwinda, na mchezaji aliyejifunza kufuata nyayo za swala amekosa kazi. Uganga wa hali ya hewa haufanyi hivyo. Haumzuii mvua kunyesha wala jua kuchoma. Humwambia mtu kitakachokuja, kisha humwachia kazi ya kuamua, kama nahodha aijuaye siku ya tufani: kujua kwake hakutulizi bahari, lakini yeye ndiye achaguaye kutweka tanga au kungoja bandarini.

Kwamba jambo hili ni la thamani, watunzi wa mchezo walilijua zamani. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, kutabiri hali ya hewa kulikuwa uganga kamili wa daraja la 1 kwa madruidi, nao ulikuwa na hesabu kama mwingine wa daraja lake. Mwaka 2014 umeshushwa ukawa bure, tena ukafungwa pamoja na ua, sauti na mshumaa katika furushi moja. Nawe wajua tabia ya kitu cha bure: watu huacha kukiuliza kina kazi gani.

Sasa nitoe hukumu. Ikiwa kundi lako hupenda vita tu, likishuka katika mapango yasiyo mvua wala jua, na kumaliza kila jambo kwa upanga, basi usichague uganga huu. Chukua mwali wa moto au mjeledi wa miiba, wala usione haya. Kitu kizuri mahali pasipo pake ni mzigo. Lakini ikiwa nchi ya kisa chenu ina usiku na mchana, masika na kiangazi, watu wa kuaminiwa na watu wa kukwepwa, basi uchague, na kabla ya kuuchagua mwulize msimulizi wako swali moja: "Je, katika nchi yako mvua hunyesha?" Jibu lake litakuambia thamani ya uganga wako kuliko kitabu chochote.

Na ikiwa siku moja kiti cha msimulizi kitakuwa chako, kumbuka siku ya tano ya safari ile ya kwanza. Mwenye tufe la moto hakuhitaji sana, kwa sababu dadu zitamtetea. Mwenye mshumaa hana mtetezi ila wewe. Andika hali ya hewa. Tia taa katika vyumba vyako, na useme ni ngapi. Weka ua lililofumba kando ya njia, hata kama hujui litamfaa nani. Kisha ngoja uone mchezaji mkimya atakavyoutumia udogo huo, nawe usiwe na haraka ya kumjibu kwamba haiwezekani.